Alikuwa na inhela mkononi, mbona amekufa? Tuongee kuhusu pumu inayogomea dawa

Kuna swali huwa linaulizwa kwa sauti ya chini msibani, watu wamekaa kwenye viti vya plastiki chini ya turubai: jamani, si alikuwa na inhela yake? Mbona wamemkuta nayo mkononi kabisa? Hapo hapo majibu yanaanza kumiminika. Mmoja anasema inhela ilikuwa feki, mwingine anasema hizo inhela ndo zinaua moyo, shangazi mmoja anaguna tu anasema kuna mkono wa mtu, na kijana wa pembeni anashangaa, kwani pumu nayo inaua?

Mi nina pumu tangu darasa la tatu. Nimelazwa nayo mara mbili, na hiyo ya pili ndo dawa zote nilizozizoea ziligoma, nikakaa wodini siku tano, kwa hiyo hili swali linanigusa maana kidogo tu ningekuwa mimi ndo naulizwa. Toka hapo nimekuwa king'ang'anizi, kila nikienda kliniki namhoji daktari mpaka foleni ya nje inanuna. Jibu nililopata, kwa ufupi, ni kwamba ile inhela ya bluu haikutengenezwa kumaliza shambulio kubwa. Inafanya kazi moja kati ya tatu zinazotakiwa, na hizo mbili zilizobaki zikishakuwa kubwa unaweza ukapuliza mpaka kopo liishe na usifike popote.

Tuelewane kwanza maneno. Pumu, au asma kama wengine wanavyoita, ni ugonjwa wa njia za hewa zilizo ndani ya mapafu, njia ambazo muda wote zimevimba kidogo na zina hasira, zikiguswa na kitu zisichokipenda (vumbi, moshi, baridi, mafua, manyoya ya paka, marashi ya mtu kwenye lifti) zinabana. Kubanwa huko ndo tunaita shambulio. Inhela ni kile kikopo cha kupuliza, na hapa sisemi "pafu moja, pafu mbili" kama watu wanavyosema mtaani maana nitawachanganya na mapafu yenyewe, nitasema mpulizo.

Halafu kuna neno lililoandikwa kwenye faili langu, status asthmaticus. Ni Kilatini, manesi wao wanafupisha tu, "huyu wa kitanda cha nne ni stetasi". Kwa lugha ya nyumbani maana yake pumu imebana, mgonjwa kapewa dawa ya kufungua kifua mara ya kwanza, ya pili, ya tatu, na kifua hakijafunguka, au kimefunguka robo halafu kimerudi kule kule. Siku hizi madaktari wengi wanaandika tu "shambulio kali la pumu", ila lile neno la zamani bado lipo midomoni. Sio ugonjwa mwingine mpya. Ni pumu ile ile, imevuka mstari.

Na ndio, inaua. Karne ya 19 hata madaktari wakubwa waliamini pumu inatesa tu, haiui, kwa hiyo yule kijana wa msibani asichekwe sana. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba mwaka 2019 watu milioni 262 walikuwa na pumu na watu 455,000 walikufa kwayo, na vifo vingi viko kwenye nchi za kipato cha chini na zile zinazowafuatia, yani huku kwetu. Kinachotutofautisha na wenzetu sana sana ni dawa gani inapatikana na sisi tunaitumiaje.

Sasa twende ndani ya kifua. Chukua mpira wa kumwagilia bustani. Maji yanaweza kukatika kwa njia tatu: mtu ameukanyaga mpira kwa nje, ukuta wa mpira wenyewe umevimba kwa ndani, au matope yamejaa ndani. Kwenye shambulio la pumu vyote vitatu vinatokea kwa pamoja. Misuli myembamba iliyozunguka njia za hewa inakaza, huyo ndo aliyekanyaga. Ukuta wa ndani unavimba. Na vitezi vilivyomo vinamwaga ute mzito, unaovutika kama ule wa bamia, unaziba vijia vidogo vidogo.

Inhela ya bluu, ambayo ndani yake kwa kawaida ni salbutamoli, inamtoa yule aliyekanyaga mpira. Basi. Inamtoa haraka, ndani ya dakika chache, ndo maana tunaipenda na tunaiona ya ajabu. Ila uvimbe haiugusi na matope haiyagusi. Ukiwa na shambulio dogo ambalo sehemu kubwa ni misuli tu, umepona, unarudi kazini. Ukiwa na shambulio ambalo limejijenga siku nne tano, ukuta umevimba na ute umeshaganda, unamtoa aliyekanyaga halafu unashangaa mbona maji hayaji. Watu waliokufa kwa pumu wakipasuliwa kuchunguzwa, kinachokutwa mara nyingi ni njia za hewa zilizoziba na vizibo vya ute. Vizibo kabisa, kama vya chupa.

Na kuna hesabu moja hapa inatisha kidogo. Njia ikipungua upana kwa nusu, ugumu wa hewa kupita hauongezeki mara mbili kama unavyodhani, unaongezeka karibu mara 16. Ukitaka kuamini jaribu kunywa soda na mrija wa kawaida halafu jaribu na ule mrija mwembamba wa kukorogea kahawa. Ndo maana mgonjwa anaweza kuwa anaongea vizuri saa kumi jioni, saa kumi na mbili hawezi hata kujibu salamu, na wewe unaona kama ni ghafla wakati ni tofauti ya milimita tu.

Kitu kingine ambacho karibu kila mtu anakielewa kinyume. Tunasema "anakosa hewa", tunamfungulia madirisha, tunampepea na kanga. Ukweli ni kwamba kifua cha mtu aliyebanwa na pumu kimejaa hewa pomoni. Shida ni kwamba haitoki. Tukivuta pumzi njia zinatanuka kidogo, hewa inaingia, tukitoa zinasinyaa, kwa hiyo kwenye pumu hewa inaingia kwa taabu na kutoka haitoki kabisa. Fikiria daladala ya Mbagala saa moja asubuhi, kila kituo konda anapakia tu na hakuna anayeshuka. Inafika mahali hata konda agonge bodi vipi, hakuna tena pa kuweka mguu. Hewa iliyomo imeshatumika, ni abiria waliopitilizwa kituo, na hewa mpya iko nje mlangoni haina pa kuingia. Huyo mgonjwa unayemwambia "vuta pumzi ndefu, vuta zaidi" unampakizia abiria wengine. Mwambie atoe taratibu, mdomo kaufinya kama anapuliza uji.

Shikeni huo mfano wa daladala, tutauhitaji tukifika kwenye mashine ya kupumulia.

Sasa kwanini inafika mahali dawa inagoma? Sababu ya kwanza nimeshaisema, uvimbe na ute. Ya pili ni ya kijinga lakini ipo sana: dawa haifiki. Kopo limeisha, linatoa gesi tu bila dawa, na kwa kuwa kopo nyingi zina mipulizo 200 na nyingine hazina kihesabio, hujui limeisha lini. Au mtu anapuliza dawa inaishia kwenye ulimi. Angalia wenzako wanavyotumia, mtu anapuliza kama anapiga pafyumu mdomoni, hata hajavuta. Kwa mtu aliyebanwa sana ndo kabisa, hana pumzi ya kuivuta ishuke chini.

Ya tatu ndo inawakera watu nikiisema. Ukiitumia ile ya bluu mara nyingi mno kila siku, wiki baada ya wiki, mwili unaizoea. Vile vitasa kwenye misuli ambavyo dawa inaingia kama ufunguo vinapungua na vinalegea, kwa hiyo siku ya siku ufunguo unazunguka tu. Sio hilo peke yake, kwa sababu inakupa nafuu ya haraka inakudanganya kwamba mambo yako sawa, huku uvimbe unaendelea kukua chini kwa chini. Yani ni kama kuzima kengele ya moto ukarudi kulala. Miongozo ya kimataifa ya pumu inahesabu hivi: ukimaliza makopo matatu au zaidi kwa mwaka uko kwenye hatari kubwa zaidi ya kupata shambulio, ukimaliza kopo moja kila mwezi hatari ya kufa inapanda. Mimi mwaka ule nilikuwa namaliza moja kila wiki tatu na najiona mjanja maana siendi hospitali.

New Zealand waliwahi kulipia somo hili. Mwaka 1976 iliingia kule inhela ya kufungua kifua ya fenoteroli, kali kuliko salbutamoli, na vifo vya pumu vikapanda haraka mpaka nchi ikashtuka. Ilichukua miaka mingi ya ubishi. Mwaka 1989 utafiti ukaonyesha uhusiano, serikali ikaibana ile dawa, na vifo vikashuka. Kwa hiyo yule anayesema msibani "inhela zinaua" anashika mkia wa jambo la kweli halafu anaelekea upande siko. Sio kwamba usitumie inhela. Usitumie ya kufungua peke yake, miaka nenda rudi, bila ile ya kutibu uvimbe.

Ya nne, kichokozi bado kipo. Unapuliza dawa huku umekaa jikoni na jiko la mkaa linafuka. Au umemeza asprini, diklofenaki au dawa nyingine ya jamii hiyo kwa ajili ya kichwa na wewe ni kati ya wale wenye pumu ambao dawa hizo zinawabana vibaya mno. Au umepewa propranololi ya presha na mtu ambaye hakuuliza kama una pumu, na hiyo inashikilia kitasa kile kile ambacho salbutamoli inataka kuingia.

Na ya tano, sio pumu. Mtoto wa miaka miwili aliyeanza kukoroma kifua ghafla mchana mmoja akiwa anacheza, hana historia, huyo mcheki kama hajapaliwa na karanga au punje ya hindi. Mzee ambaye anabanwa usiku akilala chali na miguu imevimba, huyo inaweza kuwa moyo. Dawa ya pumu ikigoma daktari mzuri anajiuliza tena kama kweli ni pumu, na mgonjwa wa pumu aliyebanwa ghafla upande mmoja unauma anaweza kuwa pafu limepasuka na hewa imevujia pembeni.

Nirudi kwenye usiku wangu. Nilianza na mafua Jumatatu. Jumatano nilikuwa napuliza kila baada ya masaa manne, Alhamisi kila baada ya mawili, na hapo ndo ilikuwa kengele yenyewe, maana dawa ambayo inatakiwa ikushike masaa manne ikianza kukushika mawili au moja, hiyo ni hospitali, sio duka la dawa. Mimi nikaenda duka la dawa. Nikanunua vidonge vya salbutamoli kwa sababu ni bei rahisi, na vile vidonge kazi yake ni kukutetemesha mikono na kukudundisha moyo, njia ya hewa vinaifikia kwa kuchelewa. Saa sita usiku kifua kilikuwa kinalia mpaka chumba cha pili. Saa nane kikanyamaza. Mama akasema afadhali, sasa kimetulia, akanifunika shuka.

Hapo ndo kuna kosa linaloua watu, naomba nikae hapa kidogo. Ule mluzi wa kifua unatokea kwa sababu hewa inapita kwenye njia nyembamba. Filimbi isiyopulizwa hailii. Kifua cha pumu kikinyamaza na mgonjwa bado anahangaika, haongei, amelegea, maana yake hewa haipiti hata ile ya kupiga mluzi. Madaktari wanaita kifua kimya na wakikisikia (au tuseme wakikikosa) kwenye kipimo wanakimbia. Pumu ikiwa inapona kweli, kelele inapungua HUKU mtu anaanza kuongea sentensi nzima, anaomba chai, anawatania. Kelele ikipungua huku mtu anasinzia, amkeni wote.

Na kusinzia kwenyewe kunatoka wapi? Misuli ya kupumua ni misuli kama mingine. Mgonjwa wa pumu usiku kucha anasukuma mkokoteni wa mizigo kupandisha mlima, hajala, hajalala. Mwanzoni anapumua haraka haraka kiasi kwamba hewa ukaa kwenye damu inakuwa chini kuliko kawaida. Anavyochoka inaanza kupanda, na wakati inapanda inapita kwenye kiwango cha kawaida. Kwa hiyo ndugu akiambiwa majibu ya damu yanaonyesha hewa ukaa iko kawaida anasema alhamdulillahi, wakati daktari amekunja uso, maana mtu anayehema hivyo ikiwa "kawaida" ni kwamba ameanza kushindwa. Ikizidi kupanda inalevya ubongo. Anachanganyikiwa, anakuwa mkali, anang'oa vitu, halafu analala. Hapo kuna mtu huwa anashauri apewe Piritoni au dawa ya usingizi "apumzike kidogo". Tafadhali. Ni kumzima mtu aliyebaki anashikilia kwa kucha.

Dalili nyingine huhitaji kipimo. Muulize jina lake kamili na anakaa mtaa gani. Akijibu kwa pumzi moja bado una muda, akijibu neno moja moja anameza hewa katikati, huna muda. Angalia nyama za katikati ya mbavu na shingo kama zinaingia ndani kila akivuta. Anakaa ameinama mbele, mikono kwenye magoti, hataki kulala. Vitabu vinasema midomo inakuwa ya bluu, kwenye ngozi zetu hiyo inachelewa kuonekana, fungua mdomo uangalie ulimi na fizi. Mtoto mchanga anaacha kunyonya. Na usisubiri dalili zote zikamilike kama karata.

Uingereza walichunguza vifo 195 vya pumu na kutoa ripoti mwaka 2014. Asilimia 45 ya hao walikufa bila hata msaada kuombwa au kabla msaada haujawafikia. Hiyo ni nchi ambayo gari la wagonjwa linakuja mpaka mlangoni na halikuulizi hela. Sisi tusio na hiyo tunatakiwa tuondoke nyumbani mapema kuliko wao, na tunafanya kinyume.

Kwa hiyo nyumbani unafanyaje? Mkalishe wima, mtoe kwenye moshi, legeza nguo. Tikisa inhela, mpulizo mmoja, avute, asubiri nusu dakika mpaka dakika, mwingine, mpaka kumi kama hapati nafuu, na wakati mnafanya hivyo mtu mwingine yuko nje anatafuta bajaji. Sio baada ya kumi. Wakati huo huo. Njiani mnaendelea kupuliza. Kama aliandikiwa vidonge vya prednisoloni (hiyo ni steroidi, dawa ya kushusha uvimbe) na daktari wake vya kumeza akizidiwa, ameze sasa hivi, maana hizo zinahitaji kama masaa manne hivi kuanza kufanya kazi, kila dakika unayochelewa unaongezea kule mbele.

Kuna kitu kinaitwa spesa, ile chupa ya plastiki unachomeka inhela upande mmoja na mdomo upande wa pili, dawa inaelea ndani ya chupa na mgonjwa anavuta taratibu. Inasaidia mno, kwa mtu aliyebanwa mipulizo kadhaa kupitia spesa inafanya kazi karibu sawa na nebulaiza, ile mashine ya mvuke. Huna? Cape Town daktari wa watoto Heather Zar na wenzake walijaribu chupa ya kawaida ya plastiki ya nusu lita, ile ya soda, na mwaka 1999 wakachapisha kwamba kwa watoto waliobanwa ilifanya kazi vizuri kama spesa ya dukani. Unatoboa tundu kwenye kitako cha chupa lenye umbo la mdomo wa inhela, kwa waya wa moto, inhela inakaa imebana, mgonjwa anavutia kwenye mdomo wa chupa. Ioshe kwanza na iache ikauke yenyewe. Mi ninayo kabatini mpaka leo, wageni wanadhani natengeneza bomu.

Nyungu je? Najua baada ya 2020 nyungu imekuwa dawa ya kila kitu kinachoanzia shingoni kwenda juu. Mtu aliyebanwa na pumu ukimfunika blanketi na mvuke wa mkaratusi unamfungia na harufu kali ambayo inaweza ikazidisha kubana, na unapoteza nusu saa ambayo hamna. Tangawizi na asali kunyweni, ni tamu, ila mnyweshe akiwa ameshapona.

Tuseme mmefika. Hapa kuna hofu nyingine, kila kifaa kinachotolewa ndugu wanakisoma kama hatua moja kuelekea makaburini. Oksijeni: "wamemwekea oksijeni, basi tena." Hapana, oksijeni ndo kitu cha kwanza anachopewa mtu ambaye kile kibano cha kidoleni kinaonyesha iko chini, lengo kwa mtu mzima ni kama asilimia 93 mpaka 95, na kuwekewa mapema ni jambo jema. Nebulaiza wanaweza kuiweka mfululizo, dakika 20 kwa 20, salbutamoli ikichanganywa na ipratropiamu ambayo inafungua kwa mlango mwingine. Steroidi ya kumeza au ya mshipani, na kumeza inafanya kazi sawa tu kama mtu anaweza kumeza, hii imani yetu kwamba sindano ndo kiboko haina msingi hapa. Antibayotiki huwa haihitajiki mpaka kuwe na dalili za maambukizi ya bakteria.

Ikigoma hiyo, unakuja mshipani. Mimi nilipewa magnesiamu salfeti, gramu 2, inaingia taratibu kwa dakika 20. Mama yangu mdogo ni mkunga mstaafu, akasoma ile chupa akaruka, "hii si ya kifafa cha mimba? Mnampa kijana wa kiume?" Wodi nzima ikacheka, mimi sikuwa na pumzi ya kucheka. Ni dawa ile ile kweli. Inalegeza misuli, na misuli ya njia za hewa ni misuli. Nilianza kusikia kifua kikilia tena kama saa moja baadaye, na kwa mara ya kwanza maishani nilifurahi kusikia ule mluzi.

Kuna aminofilini pia, wengi wa umri wa wazazi wetu wanaijua, sindano ya zamani. Bado inatumika sehemu ambazo hakuna kingine, ila tofauti kati ya kiasi kinachotibu na kiasi kinachodhuru ni ndogo, inavuruga mapigo ya moyo, kwa hiyo miongozo mingi ya sasa imeisogeza pembeni. Mtu akikuambia "siku hizi hospitali hawachomi ile ya zamani ndo maana watu wanakufa", sasa unajua.

Mwisho kabisa ni ICU na mashine. Watu wanalalamika, kwanini walichelewa kumwekea mashine? Rudi kwenye daladala yetu. Mashine ya kupumulia inasukuma hewa ndani, na hili gari limeshajaa. Ukisukuma kwa kasi ya kawaida unazidi kupakia, kifua kinavimba, moyo unabanwa mpaka presha inaanguka, mapafu yanaweza kupasuka. Kwa hiyo madaktari wanapigana kwanza kuepuka bomba la kooni, na wakilazimika, mara nyingi wanamlaza na ketamini ambayo nayo inafungua njia za hewa kidogo, halafu wanaipangia mashine ipumue polepole mno, mipumuo michache kwa dakika, ili kila safari abiria wapate muda wa kushuka. Ukiangalia unaona kama mashine imelala. Haijalala.

Watu hudhani haya yanampata tu mwenye pumu sugu inayojulikana mtaa mzima. Novemba 21, 2016 huko Melbourne, Australia, ilipita dhoruba ya radi jioni, ikavunjavunja chavua za nyasi kuwa vumbi laini sana, maelfu wakakimbilia hospitali usiku mmoja na watu 10 wakafa. Wengi waliobanwa usiku ule walikuwa wanajijua tu kama watu wa mafua ya chavua, wa kupiga chafya. Pumu unayoiita ndogo, ya msimu, inaweza ikawa na siku yake.

Kitu kinachopunguza hizo siku ni ile inhela nyingine, ya steroidi, mara nyingi ni ya kahawia au zambarau ingawa rangi zinategemea kampuni, kwa hiyo soma jina, sio rangi. Hiyo ndo inatibu uvimbe. Haikupi nafuu ukiipuliza, ndo maana watu wanaitupa wakisema haifanyi kazi. Toka 2019 ile miongozo ya kimataifa haipendekezi tena mtu mzima wala kijana wa kuanzia miaka 12 atibiwe pumu kwa inhela ya kufungua peke yake, na kuna inhela zenye dawa mbili pamoja, budesonidi ambayo ni steroidi na fomoteroli ya kufungua, ambazo mtu anatumia hiyo hiyo kila siku na hiyo hiyo akibanwa. Tatizo la kwetu ni bei, na sehemu nyingi utaikuta ya bluu tu kaunta nzima. Sina la kuwaambia hapo zaidi ya kuuliza beklometasoni, ambayo nayo ni steroidi ya kuvuta, kwa jina, maana huwa ni rahisi kidogo kuliko zile za mchanganyiko, na kutumia spesa na kusukutua mdomo baada ya hapo usije ukaota utando mweupe. Kuhusu uoga wa kuzoea, dozi zake ni ndogo sana na zinaenda mapafuni moja kwa moja, nimekunywa steroidi nyingi zaidi kwa zile siku saba baada ya kulazwa kuliko ninayovuta kwa miezi.

Zile siku baada ya kuruhusiwa nazo ni za kuangalia. Kifua kinakuwa kimefunguka ila uvimbe haujaisha, mtu anaacha prednisoloni siku ya pili kwa kuwa anajisikia vizuri, siku ya nne anarudishwa na bajaji ile ile. Mi nilimaliza zote, uso ukanivimba kidogo na njaa ikanishika nikala kama fundi ujenzi. Kopo langu la bluu nimeliandika tarehe kwa maka peni, hili la sasa hivi lina miezi saba. La kahawia liko karibu na mswaki. Mama akiniona nimelishika asubuhi mpaka leo anasimama mlangoni ananiuliza, "Kwani umebanwa?" Namwambia hapana mama, sijabanwa.